Namba Kwenye Mshono

Darlene Niemi alisimamia chumba cha kufungashia kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akikimbia. Hata siku mikebe iliyopangwa juu ya paleti ya mbao ilipoporomoka kutoka rafu ya nne, sisi wengine tukirukaruka kama kuku, yeye alitembea, akauliza nani ameumia, akaenda kuchukua fagio. Kwa hiyo Jumatano ile ya Februari nilipomwona anakuja mbio kati ya rafu, utepe mwekundu mkononi, nilijua kuna jambo kabla hajafungua mdomo.

Lakini nianzie nyuma kidogo, maana chanzo chenyewe ni mimi.

Jina langu ni Vern Lahti. Naendesha foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, katika ghala la benki ya chakula hapa Duluth. Chakula hutufikia kwa magunia na mapipa. Familia haiwezi kubeba gunia la oti za uji la ratili arobaini na nane, kwa hiyo chumba cha Darlene hulifungua, hupima ratili mbili mbili, hutia kwenye mifuko na kubandika lebo. Kisha makanisa na vituo vya kugawia huja kuchukua, kuanzia hapa mjini mpaka huko juu karibu na mpaka wa Kanada. Wengi wanaofanya kazi katika chumba kile ni wastaafu wanaojitolea. Wapo Eino na Merle, wote wawili walikuwa wachimba madini, wote wamepita miaka sabini, na wametaniana tangu shule ya msingi.

"Merle, hizo ni ratili mbili au umepima pamoja na kidole gumba?"

"Kidole changu kina uzito kuliko akili yako yote, Eino. Leta mfuko."

Zamani Darlene alikuwa na daftari. Gunia lilipofika mezani aliligeuza, akasoma namba ndogo iliyopigwa na kinu kwenye mshono wa chini, akaiandika. Namba hiyo ndiyo ya bechi, inayosema oti hizo zilisagwa siku gani na kwa mashine ipi. Kila asubuhi kazi hiyo ilikula dakika ishirini. Halafu, miaka miwili iliyopita, ikaja programu ya kufuatilia mali ghalani. Paleti ikipokelewa, programu inachapisha lebo. Lebo inabandikwa kwenye paleti. Kuanzia hapo unaisoma lebo kwa skana na kompyuta inajua kila kitu kilipo. Skrini kubwa ikatundikwa ukutani kuonyesha mifuko mingapi inafungwa kwa saa: kijani tukienda kasi, nyekundu tukichelewa. Eino aliiita programu ile Mama Mkwe, kwa sababu ukikosea haisahau, na ukifanya vizuri haisemi.

Meneja wetu, Kirsten Aune, alimwomba Darlene kwa adabu kabisa aliache daftari.

"Dada Darlene, tukiwa na daftari na programu, siku vikipishana tutaamini kipi?"

"Tutaamini gunia," Darlene akasema.

Kirsten akacheka, nasi tukacheka. Kirsten si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ameletwa na makao makuu kutoka Minneapolis, anafika kazini kabla yetu, na siku za theluji hubeba koleo mwenyewe. Daftari likaenda kwenye pipa la karatasi.

Sasa, Jumatatu moja mwanzoni mwa Februari lilikuja lori lenye paleti mbili za oti, kila paleti magunia arobaini. Zote zilitoka kinu kimoja, magunia ya rangi moja, ila paleti moja ilikuwa ya bechi inayoishia na kumi na saba na nyingine ya bechi inayoishia na kumi na nane. Ilikuwa digrii ishirini na sita chini ya sifuri, na mlango wa kupakulia ukiwa wazi, upepo wa ziwani unaingia kama unakudai. Nilivua glavu ili nibonyeze skrini. Mashine ikatoa lebo mbili zikifuatana, ya kumi na saba kwanza, ya kumi na nane baadaye, kama zilivyoandikwa kwenye hati ya lori. Dereva alikuwa ananisimulia jinsi mkwewe alivyozamisha gari kwenye barafu ya ziwa akienda kuvua samaki. Nilikuwa nacheka. Paleti iliyoshuka kwanza nikaibandika lebo ya kwanza. Iliyofuata nikaibandika ya pili.

Dereva alikuwa ameanza kushusha ile ya nyuma, iliyoandikwa ya pili kwenye hati. Mishono ya magunia ilikuwa imetazama ndani. Sikuikagua. Nilikuwa nataka kufunga mlango.

Jumanne nilimpelekea Darlene paleti yenye lebo ya kumi na saba, ile nyingine nikaipandisha rafuni. Watu tisa walikuwa mezani na aproni zao. Kabla ya kuanza, programu huuliza swali: umethibitisha namba ya bechi kwenye gunia? Usipobonyeza Ndiyo haifungui ukurasa unaofuata. Asubuhi ile tableti, kompyuta ndogo ya mezani, ilikuwa imeganda mara mbili na Merle alikuwa anauliza kama tumeitwa kufunga oti au kuombea mashine. Darlene akabonyeza Ndiyo. Kila mtu hubonyeza Ndiyo. Siku ile walifunga mifuko mia tisa na sitini, na skrini ya ukutani ikawa ya kijani mchana kutwa. Kufikia Jumamosi mifuko yote ilikuwa imeondoka, imeenda vituo ishirini na viwili.

Jumatano iliyofuata, saa tatu asubuhi, likaja tangazo kutoka kwenye kinu. Bechi ya kumi na nane irudishwe yote. Karanga zilikuwa zimesagwa kwenye mashine ile ile kabla yake, na mashine haikusafishwa sawasawa. Kwa wengi wetu hilo si kitu. Kwa mtu ambaye mwili wake unakataa karanga, kijiko kimoja kinatosha.

Kirsten alifungua programu, akatuita tuone. Bechi ya kumi na nane: magunia arobaini, safu C, rafu ya nne, halijaguswa hata moja.

"Jamani, leo tumepona," akasema. Aliagiza maandazi ya duka la kona, yale yenye sukari juu, na Eino akachukua mawili akidai moja ni la Merle.

Darlene hakula. Alichukua utepe mwekundu, akaniomba nimteremshie ile paleti aizungushie ili mtu asiiguse kwa bahati mbaya. Niliishusha, nikaenda upande wa pili kuhamisha mikebe. Baada ya dakika tatu ndipo nikamwona anakimbia.

"Vern. Njoo usome hapa. Huenda macho yangu."

Alikuwa amelilaza gunia ubavu na kulikunjua mshono. Nikainama. Kumi na saba. Tukatoa la pili. Kumi na saba. Tukafika gunia la tisa, tukaacha.

"Basi zile tulizofunga..." nikasema, sikumaliza.

"Ndizo," akasema.

Niliuona ule mlango wa kupakulia, nikajiona nimeshika lebo mbili, nacheka. Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Nilimwangalia akitembea kwenda ofisini kwa Kirsten, mwendo wake wa kawaida sasa, nami nikabaki nimeshika gunia kama mtoto wa watu niliyeachiwa.

Kirsten hakuamini mpaka alipokuja kupiga magoti mwenyewe. Kisha uso wake ukabadilika, nami nikaelewa kabla hajasema kwamba jambo ni baya kuliko nilivyofikiri. Mifuko mia tisa na sitini ilikuwa majumbani mwa watu, na kila mfuko tulikuwa tumeubandika lebo yetu sisi: bechi kumi na saba. Na redio, tangu asubuhi, ilikuwa inawaambia watu watafute kumi na nane, na kwamba bechi nyingine ni salama.

"Watakwenda kabatini," Darlene akasema taratibu, "watasoma mfuko, watauona uko salama, watapika."

Kirsten akapiga simu makao makuu. Aliweka simu kwenye spika. Sauti ya mwanamume mmoja, mpole, ikasema tusitangaze lolote kwanza. Wanasheria lazima waone picha za mishono. Kinu lazima kithibitishe. Tukitangaza kosa ambalo si letu, au tukitangaza vibaya, itakuwa balaa.

"Itachukua muda gani?" Kirsten akauliza.

"Tunakimbiza. Kesho asubuhi, pengine saa nne."

"Kuna watoto kwenye hizo nyumba," Darlene akasema kuelekea kwenye simu.

"Nani huyo anaongea?"

"Darlene Niemi. Mimi ndiye niliyezifunga."

Yule bwana akasema kwamba kwa sasa ingekuwa vyema Darlene asiongee.

Tuliruhusiwa kupiga simu vituoni, hilo tu. Tukagawana orodha. Siku nzima ghalani mle haikusikika foklifti, ila sauti zetu tukirudia maneno yale yale. Vituo vingi viko ndani ya makanisa, vinafunguliwa mara mbili kwa mwezi, na simu inalia kwenye chumba kitupu. Waliopokea walikwenda rafuni mwao, wakahesabu, wakarudi: kumi na mmoja imebaki, arobaini imebaki, hakuna hata mmoja. Jioni tulikuwa tumepata mifuko mia tatu na nane. Mingine imeshachukuliwa. Imechukuliwa na nani? Hatuulizi majina. Ni sera yetu, na ni sera nzuri: mtu mwenye njaa asiulizwe jina lake. Programu iliweza kutuonyesha kila mfuko mpaka mlango wa kanisa, saa na dakika. Baada ya mlango ule, giza.

Saa kumi jioni niliingia ofisini kwa Kirsten, nikafunga mlango, nikamwambia habari za lebo. Nilimwambia zote, hata ya dereva na mkwewe. Alinisikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Una hakika?"

"Ni mimi, Kirsten. Si Darlene."

"Andika," akasema. "Andika yote, uweke sahihi. Lakini Vern, sasa hivi haitafuti mfuko hata mmoja."

Nilipotoka, Darlene alikuwa bado na simu sikioni, inalia tu upande wa pili. Nikamwambia na yeye. Aliitua simu.

"Nilijua ni ama wewe ama mimi," akasema. "Kituo cha Birch Point hakipokei. Wamechukua mifuko thelathini na sita. Kesho tutakwenda."

Alhamisi tukaondoka na gari langu saa moja asubuhi, ziwa likiwa kulia kwetu, jeupe mpaka upeoni. Redioni walisoma tangazo tena, kumi na nane, kumi na nane, Darlene akanyoosha mkono akaizima.

Birch Point ni mji wa kituo kimoja cha mafuta na kanisa moja la Kilutheri. Mwenye ufunguo wa kituo alikuwa amelazwa, amefanyiwa upasuaji wa goti. Tukaelekezwa kwa mjane mmoja anayeitwa Bi Sather, ambaye husaidia kugawa. Alitupokea kwa sauti ya chini, akatukalisha jikoni, na tulipomaliza kumweleza akakaa na yeye.

"Siruhusiwi kutaja watu," akasema.

"Tunajua, mama," Darlene akasema. "Tunakuomba hivyo hivyo."

Bi Sather akachukua bahasha ya zamani akaandika nyuma yake. Aliwakumbuka watu saba. Wengine, alisema, walikuja wamejifunika nyuso kwa baridi, na wengine hutoka porini huko hata hawajui jina la barabara yao.

Nyumba ya kwanza tulipewa mfuko haujafunguliwa. Ya pili alikuwa mzee mmoja, amevaa fulana na suruali ya kanda za mabegani, aliyekataa kabisa kuutoa.

"Nimekula siku tano. Unaniona nimekufa?"

"Huna mzio wewe, mzee, lakini mgeni wako je?" Darlene akamwambia.

"Mgeni gani? Tangu mke wangu aondoke hajaja mgeni hapa ila ninyi, na mmekuja kuninyang'anya uji."

Mwishowe alikubali kubadilishana na mikebe minne ya supu tuliyokuwa nayo garini. Tulicheka kidogo tukirudi barabarani. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu ndicho kilichokuwa cha mwisho.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Bev Sorvari. Gari lilikuwa nje, na mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Tulibisha, tukaita. Jirani, mwanamke wa makamo, alikuwa anaondoa theluji mbele ya nyumba yake. Akaliegemea koleo lake akatuuliza sisi ni akina nani. Darlene akamwambia.

"Mmechelewa," yule mwanamke akasema. Hakusema kwa ukali. "Bev kaondoka na gari la wagonjwa saa moja na nusu. Ni mjukuu wake, Brynn. Ana miaka saba. Wamemrusha kwa helikopta kutoka kule zahanati, wamempeleka kwenu Duluth."

Darlene akauliza ilikuwaje, ingawa wote tulijua.

"Ana aleji ya karanga huyo mtoto, tangu mdogo. Bev ni mwangalifu mpaka anachosha, anasoma kila kikopo. Jana jioni kanipigia simu, kasema kasikia redioni habari za oti, kaenda kuangalia mfuko wake. Kasema, Joyce, wangu ni kumi na saba, namshukuru Mungu. Asubuhi kampikia." Akafuta pua kwa glavu. "Ile sindano ya dharura wanayo. Kamdunga. Lakini gari la wagonjwa hapa linachukua nusu saa."

Nilitazama chini. Theluji mbele ya ngazi ilikuwa imekanyagwakanyagwa na viatu vya watu wengi. Helikopta ile huenda ilipita juu yetu tukiwa barabarani. Sikuisikia.

Tukarudi garini. Nilitia ufunguo, sikuwasha.

"Turudi mjini?" nikauliza. "Twende hospitali?"

"Tukafanye nini?"

"Sijui. Kuwaambia madaktari."

"Madaktari wanajua ni karanga, Vern. Wameshajua kuliko sisi." Alikuwa ameshika ile bahasha kwa mikono yote miwili. "Zimebaki nne. Tuendelee."

Tukaendelea. Nyumba mbili walitukabidhi mifuko yao. Moja walisema wameshaumaliza wao, hakuna aliyeumwa. Ya mwisho hapakuwa na mtu. Darlene aliandika karatasi akaibana mlangoni kwa jiwe. Kisha akasimama pale akiangalia miti, na nilielewa anachofikiria: mifuko thelathini na sita, na sisi tumejua habari za sita tu.

Tangazo letu lilitoka saa sita na dakika kumi mchana. Lilikuwa limeandikwa vizuri sana.

Tulifika hospitali saa tisa. Dada wa mapokezi alikuwa mwema.

"Ninyi ni ndugu?"

"Hapana," Darlene akasema.

"Basi siwezi kuwaambia hata kama yupo."

"Tunaweza kukaa?"

"Kukaa mnaweza."

Tulikaa. Wakati mmoja mlango wa lifti ulifunguka akatoka mama mmoja mwenye mvi, koti la msimu wa baridi limevaliwa juu ya nguo ya kulalia, akaenda kwenye mashine ya kahawa akasimama mbele yake bila kubonyeza kitu. Hatukumjua Bev Sorvari kwa sura. Inawezekana ni yeye, inawezekana si yeye. Darlene aliinuka nusu, akakaa tena. Yule mama akarudi kwenye lifti bila kahawa.

Kesho yake tulipewa barua, kila mmoja ya kwake. Tusiwasiliane na familia yoyote iliyoathirika. Tusitoe pole, kwa maana pole inaweza kuchukuliwa kuwa ni kukiri. Darlene aliisoma mara mbili, akaikunja. Jumapili aliandika barua kwa mkono kwa Bev Sorvari, akaipeleka posta. Iliwafikia, wakili wa familia akaipeleka kwa mwanasheria wetu, mwanasheria akaipeleka kwa Kirsten, na Kirsten akamrudishia Darlene mezani ikiwa kwenye plastiki, imepigwa muhuri wa tarehe.

Watu wa makao makuu walikuja kufanya uchunguzi wiki iliyofuata, wawili, na kompyuta zao. Mimi walinihoji dakika ishirini na tano. Niliwapa kurasa zangu mbili. Niliwaonyesha mlango, mashine ya lebo, mahali nilipokuwa nimesimama.

"Bwana Lahti," mmoja akaniambia, "lebo zilichapishwa sahihi. Programu haina kumbukumbu ya nani alibandika ipi wapi."

"Ndiyo maana nawaambia. Ni mimi."

"Tumeliandika. Lakini hatua ya kuthibitisha ipo kwenye kufungasha. Saa mbili na dakika kumi na nne, Jumanne, D. Niemi alithibitisha namba ya gunia."

"Kila mtu hubonyeza Ndiyo. Haifunguki bila hivyo. Jaribuni muone."

Akajaribu. Akabonyeza Hapana. Programu ikarudi kwenye ukurasa ule ule ikauliza tena. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akanishukuru.

Darlene aliondolewa kazini tarehe mosi Machi. Mimi nilionyeshwa video ya saa mbili kuhusu upokeaji wa mizigo na nikajibu maswali kumi mwishoni. Nilikwenda kwa Kirsten nikamwambia basi wanifukuze na mimi.

"Ukiondoka nani atashusha lori la kesho?" akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimewaandikia mara tatu, Vern. Mara tatu nimewaambia si yeye. Wananijibu kwamba wamepokea."

Ningeweza kuondoka mwenyewe. Sikuondoka. Sina sababu nzuri ya kukupa. Nina miaka hamsini na sita na kazi hii ndiyo ninayoijua. Eino na Merle ndio walioondoka. Walivua aproni siku ile ile, wakazikunja wakaziweka juu ya mizani. Chumba cha kufungashia sasa kina msimamizi mpya, mtu mzuri, mwepesi. Nilimwonyesha mshono wa gunia siku yake ya kwanza. Akaniambia asante, atakumbuka. Skrini ikawa nyekundu wiki hiyo kwa sababu ya kusoma mishono. Wiki ya pili ikawa ya kijani.

Habari za Brynn zilitufikia kupitia Bi Sather. Moyo ulikuwa umesimama kwa muda ndani ya gari la wagonjwa. Aliamka siku ya sita. Anatembea, anacheka, anawajua watu wake. Lakini maneno yanamjia polepole, na kusoma, ambako alikuwa amekupenda sana, kumeanza upya kwenye herufi. Mwezi wa Machi Bev alifunga nyumba wakahamia kwa shangazi wa mtoto, Fargo, kwenye shule yenye mwalimu wa watoto wa namna hiyo. Mifuko mia tano na ushee haikuonekana kamwe. Labda imeliwa bila madhara. Labda mingine bado iko kwenye kabati fulani, na lebo yetu juu yake.

Mwezi wa Aprili ilianguka theluji ya mwisho, ile nzito ya majimaji. Nilichukua koleo nikaenda kwa Darlene bila kupiga simu. Nilikuwa nimeshamaliza njia ya gari alipofungua mlango.

"Nani alikuita?"

"Hakuna."

"Haya, ingia. Umelowa."

Alikuwa ameoka ule mkate mtamu wa iliki wanaooka akina bibi zetu, na jiko lilinukia vizuri. Alinimiminia kahawa. Aliniambia amepata siku tatu kwa wiki kwenye duka la vitambaa, anakata na kupima, na goti linamsumbua. Alimuulizia Kirsten. Nikamwambia Kirsten ameomba uhamisho. Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka paani.

Nikamuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu Februari na sikuweza kulibeba tena.

"Umenisamehe, Darlene?"

Alikata kipande kingine cha mkate akakiweka kwenye sahani yangu, akafuta kisu.

"Sijui, Vern," akasema. "Kuna siku naona nimekusamehe, halafu asubuhi naamka sijakusamehe. Na mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa hiyo sijui nitakupa nini. Nikijua nitakwambia."

"Sawa."

"Kula basi."

Nikala. Nje theluji ilikuwa imeanza tena, nyepesi, juu ya njia niliyotoka kuisafisha. Alipoona naitazama akasema niiache tu, jua likitoka mchana itayeyuka yenyewe.